Muwasho Usiotajwa: Historia Fupi ya Upele wa Kinena kwa Wanaume, kutoka Mulago hadi Nyakiyumbu

Mwanzoni mwa Agosti 2024 nilikuwa nyumbani Nyakiyumbu kwa likizo. Siku hizo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini Uganda walikuwa wamethibitishwa wilayani kwetu Kasese. Tarehe 14 ya mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Redio zilionya kuhusu vipele, homa na tezi zilizovimba. Katika soko la Mpondwe, ambako Kikonzo na Kiswahili cha Kongo hukutana kila siku ya soko, watu walianza kusalimiana kwa mbali. Mimi nilikuwa na siri. Kwa majuma matatu kabla ya tangazo hilo nilikuwa nawashwa kinenani.

Sikumwambia mtu. Kwanza nilioga mara tatu kwa siku. Kisha nilinunua tyubu ya dawa ya kupaka. Kisha nikafanya jambo baya kuliko yote: nilimwandikia msichana tuliyependana naye chuoni nikamwuliza alikuwa na nani, maana nilijiaminisha kwamba ugonjwa umetoka kwake. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu baadaye, nilipoanza kusoma historia ya magonjwa haya nchini mwetu, niligundua kwamba kosa langu lilikuwa limekwisha fanywa zaidi ya miaka mia moja kabla yangu, na watu wenye elimu kubwa.

Insha hii ni ya historia. Nia yake ni kuonyesha kwamba nchini Uganda upele wa sehemu za siri umekuwa ukihukumiwa kabla ya kuchunguzwa, na kwamba gharama ya hukumu hiyo hulipwa na mgonjwa na watu wake wa karibu. Katika njia hiyo nitaeleza pia upele wenyewe ni nini, unatambuliwaje na unatibiwaje, kwa sababu historia ya ugonjwa isiyomsaidia anayewashwa leo ni nusu ya kazi.

Maneno tuliyokuwa nayo

Kiswahili hakikosi maneno ya ngozi. Upele, kwa maana yake halisi, ni ugonjwa unaoletwa na utitiri, mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi. Ingawa siku hizi tunaliita upele karibu kila jambo linalochomoza mwilini. Choa ni fangasi wanaochora duara juu ya ngozi. Ukurutu ni ngozi kavu inayowasha na kupasuka. Malengelenge ni viputo vyenye maji ndani yake. Buba ni vidonda vinavyowapata hasa watoto, na huambukizwa kwa kugusana tu. Kaswende, ambayo wazee wa pwani waliiita pia sekeneko, ni ugonjwa wa zinaa. Ukoma kila mtu anaujua. Baganda nao walikuwa na jina lao la kabotongo.

Kwa hiyo watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuona kwamba ngozi ina magonjwa mengi, na kila moja na tabia yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba tofauti hizi, ambazo bibi yeyote kijijini angeweza kuzieleza, zilipotea pale mtu mmoja mwenye mamlaka alipokuja kuhesabu wagonjwa.

Kanali na kaswende

Daktari Albert Cook wa misheni ya Kianglikana alifika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo. Katika miaka iliyofuata yeye na wenzake waliandika katika vitabu vyao idadi kubwa ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kaswende. Serikali ya Uingereza iliingiwa na hofu, na mnamo 1907 na 1908 Kanali Lambkin wa kikosi cha madaktari wa jeshi alichunguza hali hiyo. Taarifa yake ilishtua. Alidai kwamba kaswende imewaenea Baganda kiasi kwamba walioambukizwa walifika hadi asilimia 80. Akaonya kwamba, mambo yakiendelea hivyo, watu hao wataangamia.

Sababu alizozitaja zinastahili kusomwa polepole. Alisema ugonjwa umeenea kwa sababu dini mpya na utawala mpya vimevunja mamlaka ya zamani ya machifu, na kwa sababu wanawake wamepewa uhuru wa kutembea wapendavyo. Kwa maneno mengine, alipoona vidonda vya ngozi, alimtafuta mwanamke wa kulaumiwa. Mwanahistoria Megan Vaughan, katika utafiti wake juu ya tiba za kikoloni Afrika uliochapishwa mwaka 1991, ameonyesha jinsi mjadala huu wa kaswende Uganda ulivyokuwa mjadala wa wanawake na utii wao, kuliko mjadala wa bakteria.

Tiba ya wakati huo ilikuwa sindano za zebaki. Zebaki ni sumu: iliharibu fizi, ililegeza meno, iliumiza figo. Mwaka 1910 dawa ya Salvarsan, iliyovumbuliwa Ujerumani na Paul Ehrlich pamoja na Mjapani Sahachiro Hata, ilianza kuuzwa. Nayo ilikuwa na aseniki ndani yake. Mwaka 1913 ndipo Mulago ilipoanza, ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Wengi wetu tunaijua Mulago kama hospitali kuu ya taifa. Wachache wanajua kwamba mzizi wake ni hofu hii. Kampeni hiyo ilikuwa pia na ukaguzi wa lazima wa sehemu za siri, na Baganda walilalamika kwamba wanadhalilishwa.

Sasa tuulize swali la mwanahistoria: je, Lambkin aliona nini hasa? Bakteria wa kaswende alionekana kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1905, na Schaudinn na Hoffmann. Mwaka huohuo, huko Ceylon, Mwitalia Aldo Castellani alimwona bakteria wa buba, na wawili hao wanafanana kama mapacha. Kipimo cha damu cha Wassermann, kilichotoka mwaka 1906, hakikuweza kuwatofautisha. Mtu aliyeugua buba utotoni angeonekana ana kaswende ukubwani. Mwaka 1956 Profesa J. N. P. Davies wa Makerere aliandika historia ya kaswende Uganda akieleza kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ule wa zamani ilikuwa ya aina isiyo ya zinaa, iliyopitishwa kati ya watoto kwa kugusana na kutumia vyombo pamoja.

Hivyo watu wengi walidungwa zebaki na kuaibishwa kwa ugonjwa ambao pengine waliupata wakicheza uani wakiwa na miaka mitano. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni dhidi ya buba katika nchi 46, wakatibu watu milioni 50 kwa sindano ya penisilini. Hakuna aliyehitaji kuulizwa alilala na nani.

Kuna jambo moja zaidi, nalo lingenisaidia sana Agosti ile. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi wala hakiwashi. Vipele vya hatua yake ya pili, vinavyoweza kutokea hata kwenye viganja na nyayo, mara nyingi haviwashi. Doa la ukoma nalo hupoteza hisia. Magonjwa mawili ambayo wazee wetu waliyaogopa kuliko yote ya ngozi kwa kawaida hayawashi. Mtu anayejikuna usiku kucha, mara nyingi ana jambo jingine.

Utitiri, na somo kutoka Sheffield

Jambo hilo jingine linaweza kuwa upele wenyewe. Mwaka 1687 Waitalia Bonomo na Cestoni walieleza, kwa msaada wa hadubini, kwamba upele huletwa na mdudu. Hiyo ni moja ya mara za kwanza katika historia ya tiba kwa ugonjwa kuunganishwa na kiumbe kidogo kinachousababisha. Hata hivyo, kwa karne mbili na zaidi watu waliendelea kuamini kwamba upele ni uchafu wa nguo na blanketi.

Imani hiyo ilijaribiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Uingereza lilikuwa likitumia fedha nyingi kuchemsha blanketi za askari. Mwanasayansi Kenneth Mellanby, mjini Sheffield, aliwachukua vijana waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri na kuomba kutumikia kwa njia nyingine. Walivaa chupi ambazo askari wenye upele walikuwa wamezivua bila kufuliwa. Walilala ndani ya blanketi za wagonjwa. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Lakini walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, waliambukizwa. Aligundua pia kwamba kwa mtu anayepata upele mara ya kwanza, muwasho huanza baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaambukiza wengine kabla hajajikuna hata mara moja.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu nilipokuwa sekondari ya bweni. Mvulana mmoja alitibiwa, akapona, akarudi kitandani, na baada ya mwezi akawa anajikuna tena. Tulimcheka kwamba haogi. Kumbe alikuwa akiogea ndoo mbili kwa siku; sisi tuliomcheka ndio tuliokuwa na utitiri uliokuwa bado kimya. Upele ule ulikwisha siku mlezi wa bweni alipotupanga sote, wenye kuwashwa na wasiowashwa, tukapakwa dawa jioni moja.

Kwa mwanaume, upele una dalili ambayo madaktari wanaiamini sana: vinundu vidogo vigumu vinavyowasha juu ya uume na korodani, pamoja na vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na kwenye matako. Muwasho huzidi usiku. Dawa ya miaka mingi ni benzili benzoati ya asilimia 25, inayopakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni na kurudiwa jinsi mhudumu atakavyoelekeza. Huchoma kidogo kwenye sehemu laini. Siku hizi pia kuna krimu ya permethrini, na vidonge vya ivermektini vinavyomezwa mara mbili kwa kupisha wiki moja au mbili. Wote wanaolala nyumba moja hutibiwa siku moja, hata kama hawawashwi. Muwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya mdudu kufa, na hapo wengi hukosea wakadhani dawa imeshindwa, wakaanza kujipaka upya kila siku hadi ngozi ikaungua.

Hizo ivermektini zina habari zake huku kwetu. Mito ya Nyamugasani na Lhubiriha, ambayo sisi wa Bukonzo tumeoga na kuteka maji humo tangu utoto, iliwahi kuwa makazi ya inzi weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi. Ugonjwa huo unajulikana kwa kupofusha, lakini waathirika wengi kwanza huwashwa ngozi bila kukoma. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa ivermektini bure kwa ajili ya ugonjwa huo, na vijijini kwetu vidonge viligawiwa kwa kupimwa urefu wa mtu. Mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobel kwa dawa hiyo. Kwa hiyo mzee wa Bukonzo aliyekuwa akijikuna miaka ile huenda hakuwa na upele wala choa. Mahali mtu anapoishi nako ni sehemu ya utambuzi.

Dobi hakuwa na kosa

Ugonjwa wangu mimi ulikuwa choa cha kinena. Nao una historia yake ya kumlaumu asiyehusika. Waingereza waliokuwa India waliuita muwasho wa dobi. Waliamini kwamba dobi, yule mfuaji nguo ambaye neno lake sisi Waswahili tumelichukua kutoka Kihindi, ndiye aliyechanganya nguo za watu na kuwaletea ugonjwa. Ukweli ni kwamba fangasi hao hupenda joto, jasho na nguo zinazobana, na mara nyingi hutoka kwenye miguu ya mgonjwa mwenyewe, pale kati ya vidole, na kupanda juu anapovaa suruali. Bwana alijiletea muwasho kwa buti zake, akamlaumu mfuaji.

Habari ya buti niliielewa vizuri zaidi kutoka kwa babu yangu. Ujana wake aliufanyia kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, na kufungwa mwaka 1982. Nilipomwuliza, baada ya kupona, kama wakati wao walikuwa na ugonjwa huu, alicheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu," alisema, "sisi tulishinda chini ya ardhi ndani ya gamibuti. Nani hakuwa nao?" Aliniambia walipewa mafuta mazito meupe yanayochoma, wakapakana migongo na kusimuliana nani ameenea wapi. Hawakuona aibu kwa sababu wote walijua chanzo chake ni kazi.

Kwa maelezo yake nadhani yale yalikuwa mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, uliopewa jina la daktari wa ngozi wa London aliyeutunga mwanzoni mwa karne ya 20. Ni dawa ya bei ndogo, na bado inafaa, ingawa kwenye kinena inaweza kuunguza. Castellani yuleyule wa buba, ambaye mwaka 1902 alikuja Entebbe kuchunguza ugonjwa wa malale, naye aliacha dawa ya rangi nyekundu iliyo na jina lake, ya kupaka penye fangasi. Griseofulvini ilipatikana mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu, na kuanzia 1958 ikaanza kuonekana kwamba inaweza kutibu choa kwa kumezwa. Baadaye zikaja krimu kama klotrimazoli, ambayo leo inapatikana karibu kila duka la dawa.

Tyubu yangu

Ikiwa klotrimazoli ipo kila mahali, kwa nini nilihangaika miezi miwili? Kwa sababu sikuomba klotrimazoli. Niliingia dukani, nikangoja wateja wanawake watoke, nikasema kwa sauti ya chini kwamba nina "mzio". Muuzaji hakuuliza mzio uko wapi, nami sikusema. Alinipa krimu yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali ya betamethasoni. Duka hilo silitaji. Mwenye duka alinipa alichowapa wengine, na nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Steroidi za kupaka zilianza kutumika mwaka 1952 na zimewasaidia wagonjwa wengi wa ukurutu. Kazi yake ni kutuliza wekundu na muwasho. Lakini choa kikipakwa steroidi, kinga ya ngozi hulala huku fangasi wakiendelea kula. Mwaka 1968 madaktari wawili wa London, Ive na Marks, waliielezea hali hiyo na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kisichotambulika, kwa sababu duara lake hufutika na daktari mwenyewe hupotea njia.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Siku tatu za kwanza nilipata nafuu nikamshukuru Mungu. Nilipoacha, muwasho ulirudi kwa nguvu. Nikapaka tena. Kufikia wiki ya sita wekundu ulikuwa umefika kwenye matako, na juu ya mapaja ilikuwa imetokea michirizi kama ya mwanamke aliyejifungua. Michirizi hiyo ninayo mpaka leo, na nimeambiwa haitaondoka.

Siku niliyoamua kwenda kituo cha afya, mpox ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Niliogopa nitatengwa mbele ya watu. Aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo. Aliponiambia nivue nilisita, naye akasema bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake: "Mwanangu, nimezalisha wanawake wa kijiji hiki miaka ishirini. Huna kitu kipya." Aliangalia kinena, akaangalia viganja, akaangalia katikati ya vidole vya miguu, ambako sikuwa nimepaangalia mimi mwenyewe. Aliuliza: kunawasha au kunauma? Ulipata homa? Nyumbani kuna mwingine anayejikuna? Ulipaka nini? Nilipomtolea tyubu, alitikisa kichwa. Kazi yote haikuchukua dakika kumi. Kabla sijaondoka alinipima pia sukari na virusi vya Ukimwi, kwa maelezo kwamba fangasi wanaosambaa sana huweza kuwa ishara ya mambo hayo. Vyote vilikuwa salama.

Maswali ya yule mama

Nimeyapanga maswali yake hapa kwa faida ya wenzangu, maana ndani yake imo historia yote niliyoieleza.

Kama ni wekundu wenye ukingo ulioinuka na magamba, ndani ya paja, unaopanuka huku katikati pakififia, na korodani hazijaguswa, hicho mara nyingi ni choa. Dawa yake ni krimu ya fangasi isiyo na steroidi, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na kuendelea kidogo baada ya ngozi kuonekana imepona. Miguu itibiwe pamoja, mtu ajikaushe vizuri baada ya kuoga, avae chupi ya pamba isiyobana. Kama ni vinundu vinavyowasha usiku kwenye uume na korodani, na nyumbani kuna wengine wanaojikuna, fikiria upele. Kama muwasho uko kwenye mavuzi na kuna mayai yaliyogandamana na nywele, ni chawa wa sehemu za siri, na mwenzi wako atibiwe pia. Kama kichwa cha uume ni chekundu chenye utando mweupe, huenda ni fangasi wa kandida, na sukari ipimwe.

Lakini kama kuna viputo vinavyouma, kidonda hata kisichouma, usaha unaotoka, au vipele pamoja na homa na tezi zilizovimba, hilo si la dukani. Aina ya mpox iliyoanza kuenea huko Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ilipita sana kwa njia ya kujamiiana, na vidonda vyake vinaweza kuanzia sehemu za siri. Mtu wa namna hiyo ajitenge na afike kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba toka Lambkin hadi kwenye tyubu yangu njia ni moja. Kanali alikuwa na vidonda mbele yake na jibu tayari mfukoni. Bwana wa India alikuwa na jibu kuhusu dobi. Mimi nilikuwa na jibu kuhusu msichana asiye na kosa. Historia ya Kasese yenyewe inatupa mfano wa pili: hospitali ya Kagando, ambayo wengi wetu tulizaliwa humo, ilianza mwaka 1965 kama kituo cha wenye ukoma, watu ambao kijiji kilikuwa kimewahukumu kwa kuwatazama ngozi. Na Moshi, tangu 1992, kuna chuo cha kanda kinachowafundisha wahudumu wa Afrika kuitazama ngozi kwa utulivu. Mambo haya mawili yanaonyesha kwamba kutazama ni elimu, si kipaji.

Kuhusu yule msichana, nilipopona nilimwandikia ujumbe mrefu nikaeleza yote na kuomba radhi. Alijibu kwamba amesoma. Hakuongeza neno, na sina haki ya kudai zaidi.

Desemba iliyofuata, mdogo wangu aliye sekondari aliniita nyuma ya jiko akaniambia, akitazama migomba, kwamba ana "mzio". Nilimwuliza mzio uko wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha. Tuliangalia pamoja, na miguu pia. Kesho yake asubuhi tulikwenda dukani sote wawili, na yeye ndiye aliyetaja jina la dawa, kwa sauti iliyosikika.